Mteja Akisema "Badilisha Tailizi": Matiriali za SketchUp Bila Kupaka Nyumba Upya

Ujumbe wenyewe huwa mfupi. "Sebuleni weka tailizi za kijivu, jikoni ziache. Bati liwe la maruni. Milango ya vyumba iwe mninga, wa choo mweupe." Mistari miwili ya WhatsApp, na mteja anangoja picha kabla ya magharibi. Kwa aliyeipanga mapema modeli yake ya SketchUp, programu ya kuchora majengo ya 3D kwenye kompyuta, hiyo ni kazi ya dakika kumi. Kwa aliyepaka nyumba nzima kwa kubofya uso mmoja mmoja ni kazi ya kukesha, na asubuhi bado kuna kipande cha sakafu nyuma ya kochi kilichobaki na rangi ya jana.

Kasi ya mkono haihusiki hapo, wala ukubwa wa kompyuta. Shida ni kuichukulia matiriali kama rangi ya ndoo iliyokwisha kukaukia ukutani. Ndani ya SketchUp, matiriali ni jina moja kwenye daftari la faili, lenye picha yake, vipimo vyake na kiasi cha uwazi wake. Uso uliopakwa umeandikiwa jina hilo tu. Ukirekebisha maelezo ya jina kwenye daftari, nyuso zote zinazolitaja zinageuka papo hapo, ziwe kumi au elfu tatu, hata zikiwa ndani ya kundi (nyuso zilizofungwa pamoja kama kitu kimoja) lililo ndani ya kundi lingine. Kwa hiyo njia ziko mbili: kugusa nyuso, au kugusa daftari. Wengi wanaoanza wanaijua ya kwanza peke yake.

Kugusa daftari

Bonyeza B. Ndoo ya rangi inatokea pamoja na paneli ya Materials. Shikilia Alt, au Command kama uko kwenye Mac, na ndoo itageuka kuwa bomba la kunyonya. Bofya sakafu unayotaka kuibadilisha. Paneli sasa inaonyesha matiriali ya sakafu hiyo kama ndiyo iliyochaguliwa. Fungua kichupo cha Edit. Juu utaona jina, chini yake rangi, kisha njia ya faili la picha, vipimo viwili vya upana na urefu, na mwisho kitelezi cha uwazi. Bofya alama ya folda kando ya jina la picha, chagua picha ya tailizi mpya, na sakafu nzima imebadilika. Kwenye Mac mambo ni yale yale ila paneli ni ya Colors: bofya alama ya tofali, nenda Colors In Model, bofya kulia kwenye matiriali, kisha Edit.

Faida kubwa ya njia hii ni kwamba kazi yote ya kupangilia picha juu ya nyuso inabaki. Kama ulishahangaika kuzungusha mistari ya mbao ifuate urefu wa korido, picha mpya itakaa kwa mzunguko ule ule.

Mitego yake ni midogo lakini inauma. Picha mpya ikiwa na umbo tofauti na ya zamani, vipimo vilivyokuwa sahihi jana leo ni uongo, kwa hiyo viandike upya kila mara. Pia ukigusa gurudumu la rangi kwa bahati mbaya, picha yote inapata kivuli cha rangi hiyo, na tailizi nyeupe inakuwa ya maziwa bila wewe kujua sababu. Kwenye kichupo hicho hicho kuna kimraba cha kurudisha rangi ya asili ya picha. Tatu ni jina. Ukiacha "Mbao_Nyepesi" liendelee kubeba picha ya tailizi za kijivu, atakayepokea faili baada yako atakulaani.

Matiriali moja kwa kila uamuzi

Turudi kwenye ujumbe wa mteja: sebuleni zibadilike, jikoni zibaki. Kama sakafu zote mbili zilipakwa matiriali moja kwa sababu mwanzoni tailizi ilikuwa moja, ukigusa daftari zote zinageuka. Hapo ndipo watu wanaiacha njia hii na kurudi kwenye kubofya.

Dawa ni kuzipa matiriali majina ya kazi zake badala ya sura zake. Acha "Tailizi_Kijivu". Andika Sakafu_Sebule, Sakafu_Jikoni, Sakafu_Choo, Ukuta_Nje, Ukuta_Ndani, Paa, Fremu_Dirisha. Hata kama siku ya kwanza Sakafu_Sebule na Sakafu_Jikoni zina picha ile ile, ziwe mbili. Jiulize swali moja tu: je, mteja anaweza kuamua kimoja bila kingine? Kama anaweza, zitenganishe. Ukuta wa varanda na ukuta wa nyuma ya nyumba? Zitenganishe, maana wa varanda ndio unaokuja kuvishwa mawe. Vyumba vitatu vya kulala vya watoto? Kwa nyumba nyingi matiriali moja inatosha.

Kama tayari umechanganya, kutenganisha si kazi kubwa. Nyonya matiriali ya sakafu kwa Alt, bofya kitufe cha kutengeneza matiriali mpya, nayo itaanza kama nakala ya ile uliyonyonya. Ipe jina Sakafu_Jikoni. Ingia ndani ya kundi la jikoni, shikilia Shift, bofya sakafu. Imeisha.

Shift, Ctrl na mipaka ya kundi

Hiyo Shift inastahili maelezo, kwa sababu nusu ya malalamiko kuhusu ndoo ya rangi yanatoka hapo. Ndoo ikibofya bila kitufe chochote, inapaka uso mmoja. Ukishikilia Shift, inabadilisha nyuso zote zenye matiriali kama ya ule uliobofya. Ukishikilia Ctrl, au Option kwenye Mac, inabadilisha zile tu zilizounganishwa na huo uso zenye matiriali ile ile. Ctrl na Shift pamoja zinafanya mabadiliko yaishie kwenye umbo lile lile lililoshikana.

Mtego uko kwenye neno "zote". Shift inafanya kazi ndani ya mahali ulipo. Ukiwa nje ya makundi, inapaka nyuso zilizo nje ya makundi. Ukiwa ndani ya kundi la chumba, inapaka za chumba hicho na inaishia mlangoni. Haivuki kuta za kundi. Ndiyo sababu mtu anabofya kwa Shift, anaona chumba kimoja kimegeuka na vingine vimebaki, akidhani programu imekwama. Kwa nyumba yenye makundi mengi, rudi kwenye daftari. Daftari halijui mipaka ya makundi.

Kitu kingine kinachochanganya ni kupaka kundi kutoka nje. Ukibofya kundi zima bila kuingia ndani, matiriali inavaliwa na kundi lenyewe kama joho. Nyuso za ndani zilizokuwa hazijapakwa chochote zinaonekana na rangi ya joho. Zilizopakwa tayari zinabaki na rangi zake. Watu wanaliona hili kama kasoro. Kwa kweli ni moja ya zana bora za programu nzima.

Chukua milango. Una komponenti moja ya mlango, yaani kitu ambacho ukirekebisha nakala moja kwa ndani zote zinabadilika, na nakala zake ziko saba. Ingia ndani ya mmoja, paka kitasa chuma na bawaba chuma, lakini ubao wa mlango uache bila matiriali kabisa, uwe na ile rangi ya kuzaliwa nayo. Toka nje. Sasa paka milango sita ya vyumba kwa mninga na wa choo kwa nyeupe, kila mmoja kutoka nje. Komponenti inabaki moja, vitasa havijaguswa, na kila mlango una joho lake. Ungepaka mninga kutoka ndani, milango yote saba ingekuwa mninga, na ingekubidi utumie Make Unique, amri ya kuitenga nakala na wenzake, kwa ule wa choo, kisha siku ya kubadilisha muundo wa kitasa urekebishe mara mbili.

Joho lina udhaifu mmoja: picha iliyovaliwa na kundi haiwezi kusogezwa juu ya uso. Ukibofya kulia kwenye uso kutafuta menyu ya Texture hutaiona, kwa sababu uso wenyewe hauna kitu. Kwa hiyo rangi tupu na mbao zisizo na mwelekeo mgumu zivishwe kundi. Tailizi, mawe na tofali zipakwe usoni.

Vipimo vya picha

Hapa ndipo picha nyingi zinazorushwa mtandaoni zinapojitia aibu. Sebule ya mita 4 ina tailizi zinazoonekana kama sahani za mita moja, au bati lenye mawimbi makubwa kama matuta ya viazi. Jicho la mteja halitajua kosa liko wapi, lakini litasema nyumba "ni ndogo".

Hesabu ni rahisi. Hesabu vitu vilivyo ndani ya picha, zidisha kwa kipimo halisi pamoja na nafasi kati yake. Picha yenye tailizi nne kwa nne za sentimita 60, na nafasi ya milimita 3 ya grauti (kijazio cha kati ya tailizi), ni 4 × 603 = milimita 2412. Andika 2.412 m kwenye upana, na kama picha ni mraba urefu utajifuata wenyewe mradi kile kiungo cha mnyororo kimefungwa.

Bati la mawimbi madogo la kawaida lina milimita 76 kutoka kilele hadi kilele, yaani inchi 3. Picha ikiwa na mawimbi kumi, upana wake ni milimita 760. Kwa mgongo mpana chukua kipimo kwenye bati lenyewe dukani, maana viwanda vinatofautiana. Halafu angalia mwelekeo: kwenye uso ulioinama, SketchUp huisimamisha picha kufuata mteremko, kwa hiyo picha yenye migongo iliyosimama wima itashuka vizuri kwenye pande zote nne za paa bila kuzungusha chochote. Ukipakua picha yenye migongo iliyolala, paa lote litakosea. Izungushe nyuzi 90 kwenye programu ya picha kabla ya kuiingiza, usihangaike na upande mmoja mmoja.

Tofali la saruji la inchi 6 linaonyesha uso wa karibu sentimita 45 kwa 23. Ukiweka mota ya sentimita 2, kila tofali linachukua 47 kwa 25. Picha yenye matofali manne kwa mistari minane ni mita 1.88 kwa 2.00. Idadi ya mistari iwe shufwa. Ikiwa witiri, pale picha inapojirudia mistari miwili ya tofali itapangana kiungo juu ya kiungo, na fundi yeyote atakayeiona picha yako atauliza nani alijenga ukuta ule.

Picha unayoipiga mwenyewe dukani ni bora kuliko nyingi za mtandaoni, kwa sababu ni ya tailizi ambayo mteja ataipata kweli. Laza tailizi, simama juu yake simu ikiwa sambamba nayo, zima mwanga wa simu, na weka karatasi ya A4 pembeni. Karatasi ni milimita 210 kwa 297, basi una kipimo. Na ni nyeupe, basi una kigezo cha kusahihisha ule umanjano wa taa za duka. Ikate karatasi nje ya picha mwishoni. Kama tailizi ina doa au mshipa unaovutia, jua kwamba doa hilo litajirudia kila picha inapojirudia: kwenye chumba cha mita 4 halionekani sana, kwenye ukumbi wa mita 20 litakuwa kama vitone vya khanga. Panga tailizi nyingi zenye mishipa tofauti kwenye picha moja.

Kuna kuvutika kwa picha ambako hakutokani na vipimo. Ukilivuta kundi kwa zana ya Scale, picha iliyo ndani inavutika nalo kama mchoro kwenye mpira. Bofya kulia, chagua Scale Definition, na picha itarudi kwenye ukubwa wake huku umbo likibaki ulivyolivuta.

Kuzungusha na kusogeza

Kwenye uso uliopakwa moja kwa moja, bofya kulia, Texture, kisha Position. Pini nne zinatokea. Nyekundu inasogeza. Kijani inazungusha na kukuza, na hapa tahadhari: kuna upinde wa vitone unaotokea, ukiufuata huo unazungusha bila kubadilisha ukubwa, ukitoka nje yake tailizi ya 60 inakuwa ya 57 na hutajua. Bluu inapindua pembe, njano inapotosha kwa mtazamo. Hizi mbili ni za kubandika picha ya jengo lililopigwa kwa kamera, hazina kazi kwenye sakafu.

Ukishapanga uso mmoja, nyonya kwa Alt kutoka hapo, kisha paka ukuta unaofuata kona. Kinachonyonywa ni matiriali pamoja na mpangilio wake, kwa hiyo mistari ya tofali inazunguka kona bila kuruka. Ukichukua matiriali ile ile kutoka kwenye paneli badala ya ukutani, mpangilio haupo, na kona itakusaliti.

Uso wa mbele, uso wa nyuma

Kila uso una pande mbili, na kila upande una matiriali yake. Mbele ni nyeupe, nyuma ni kibuluu-kijivu. Ukipaka upande wa nyuma, ndani ya SketchUp utaona sawa kabisa. Ukipeleka modeli kwenye programu nyingine ya kurenda, yaani ya kuigeuza iwe picha inayofanana na ya kamera, baadhi zitakuonyesha uso mtupu, tundu, au rangi tofauti.

Kabla ya kupaka chochote, washa mtindo wa Monochrome chini ya View, Face Style. Rangi zote zinaondoka na unabaki na pande mbili. Ili usikose hata kimoja, badilisha rangi ya nyuma kwenye Styles iwe waridi kali. Kila kinachoonekana waridi kutoka nje kigeuze kwa Reverse Faces, au geuza kimoja na utumie Orient Faces vingine vikifuate. Fanya hivi kabla ya kupaka: kugeuza uso kunahamisha na matiriali zake, iliyokuwa mbele inaenda nyuma, na kazi ya upakaji inarudi mwanzo.

Ukiona sakafu inametameta na kubadilika rangi unapozunguka, hilo si tatizo la matiriali. Kuna nyuso mbili mahali pamoja, kwa kawaida zege na tailizi zilizochorwa kwenye kimo kimoja. Futa mmoja, au inua tailizi kwa unene wake halisi, milimita 8 hadi 10.

Uzito wa picha

Faili la JPEG la megabaiti 3 linadanganya. Likishafunguliwa kwenye kadi ya grafiki, picha ya pikseli 4096 kwa 4096 inachukua megabaiti 64, maana kila pikseli inakula baiti 4. Ya 2048 inachukua 16, ya 1024 inachukua 4. Matiriali ya kisasa yenye picha nne za 4096 ni megabaiti 256 peke yake. Zikiwa nane kompyuta ya kadi ya gigabaiti 2 imeshajaa kabla hujaweka hata mti mmoja.

Basi tumia akili ya kipimo. Ile picha yetu ya mita 2.412 ikiwa na pikseli 1024, kila pikseli ni milimita 2.4, mstari wa grauti wa milimita 3 unapata pikseli moja na kidogo, na kwa karibu utaonekana kama ukungu. Kwa 2048 unapata pikseli mbili na nusu, na unasomeka. Sakafu ya sebule ambayo kamera iko juu yake ipe 2048. Paa, ukuta wa uzio, sakafu ya stoo: 1024 inatosha, na mara nyingi 512.

Kuanzia toleo la 2025, SketchUp yenyewe inapokea matiriali zenye picha za ziada: ya kueleza wapi pang'ae na wapi pafifie, ya kueleza chuma, na ile ya zambarau inayodanganya mwanga uone mabonde na miinuko. Ukibadilisha tailizi hapo lazima ubadilishe picha zote kwa pamoja. Ukiacha ile ya zambarau ya tailizi ya zamani, utapata mistari ya grauti ya 60 ikipita katikati ya mbao. Na kama grauti inaonekana imevimba badala ya kuzama, picha ya zambarau imetengenezwa kwa mfumo mwingine: kuna inayofuata OpenGL na inayofuata DirectX, mifumo miwili ya grafiki, tofauti ikiwa kwenye rangi ya kijani iliyogeuzwa. Kati ya programu nyingine za 3D, Blender inataka ya OpenGL, Unreal inataka ya DirectX. Tovuti za Poly Haven na ambientCG zinatoa seti kamili bure, bila masharti ya hakimiliki. Pakua ya 2K ukiokoa bando.

Kwa rangi tupu, usipake ukuta mweupe kwa 255, 255, 255. Rangi hiyo inarudisha mwanga wote, na chumba kinakuwa kama kimemwagiwa unga. Anzia 230 hivi.

Majina yanaposomwa na programu nyingine

Lumion na programu nyingine za kurenda zinatambua nyuso kwa matiriali za modeli. Ukipeleka nyumba yenye sakafu zote chini ya jina moja, huko utapewa sakafu moja, na mteja wa sebule-na-jikoni anakurudisha SketchUp. Hii ni sababu nyingine ya matiriali moja kwa kila uamuzi. Na ukishapeleka, badilisha picha na rangi upendavyo lakini jina usiliguse: jina jipya linahesabiwa kuwa matiriali mpya, na mipangilio yote ya mng'ao uliyoifanya kule inabaki yatima. Jina la kazi halina haja ya kubadilishwa. Sakafu_Sebule ni Sakafu_Sebule hata ikivaa zulia.

Kwa wanaotumia Enscape, nayo ya kurenda, kuna jambo la lugha. Enscape husoma jina la matiriali na kukisia tabia yake: likiwamo neno Grass inaotesha nyasi, likiwamo Water inaweka maji yenye mawimbi. Haijui Kiswahili. Nyasi_Bustani itabaki zulia la kijani. Ama chagua aina mwenyewe kwenye kihariri chake cha matiriali, ama andika Nyasi_Bustani_Grass na uvumilie ubaya wa jina.

Wanaohamia programu nyingine za kuchora watakuta wazo lile lile kwa vitufe vingine. Archicad ina Delete and Replace ndani ya Attribute Manager: unafuta sura moja na kusema ipi irithi nyuso zake. Blender ina Remap Users kwenye Outliner ikiwa kwenye mwonekano wa Blender File, dawa ya zile nakala zinazozaana zenye .001 na .002 mwishoni. Revit ina mtego wake: matiriali mbili zinaweza kuazima mwonekano mmoja, ukibadilisha ya ukuta na dari ikafuata. Alama ya mkono yenye namba kwenye kichupo cha Appearance inakuambia ni ngapi zinaazima. Ikizidi sifuri, tengeneza nakala kwanza.

Chaguo la A na la B

Wateja hupenda kuona mbili. Kosa la kawaida ni kutengeneza Scene (mwonekano uliohifadhiwa) ya kwanza, kubadilisha tailizi, kutengeneza Scene ya pili, kisha kushangaa zote zina tailizi mpya. Scene inakumbuka kamera, tagi (lebo za kuwasha na kuzima vitu), mtindo na vivuli. Matiriali haikumbuki. Nakili kundi la sakafu, tumia Paste In Place kuibandika nakala mahali pale pale, ipake matiriali ya chaguo B, upe kila kundi tagi yake, na kila Scene iwashe tagi moja. Kama sakafu ni komponenti, Make Unique kabla ya kupaka.

Na kabla hujabofya Purge Unused kupunguza uzito wa faili, kumbuka kwamba inafuta kila matiriali isiyo na uso, pamoja na ile ya chaguo B uliyoiandaa ukaiacha ikingoja. Bofya kulia, Save As, ihifadhi kama faili la .skm kwenye maktaba yako kwanza.

Mpaka kwenye maboksi

Mteja akikubali, swali linalofuata ni la idadi. Bofya kulia kwenye sakafu, Area, kisha Material, na SketchUp inajumlisha eneo la nyuso zote zenye matiriali hiyo. Sebule ya mita 4.2 kwa 3.6 inatoa mita za mraba 15.12. Tailizi ya 60 kwa 60 ni 0.36, kwa hiyo 42. Ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika, 47. Kwa boksi la tailizi nne, maboksi 12.

Hesabu hiyo inaonyesha saba kwa sita kamili, kana kwamba fundi hatakata hata moja. Hapo ndipo ile 2.412 badala ya 2.4 inapolipa. Tailizi saba na nafasi sita za milimita 3 ni milimita 4218, na chumba kina 4200. Kwenye picha iliyopimwa vizuri utaona safu ya mwisho imekatwa milimita 18 ukutani, na upande wa pili, tailizi sita na nafasi tano, milimita 15. Mpigie fundi kabla hajaanza kupanga kutoka mlangoni: ama agawanye ukataji huo pande mbili, ama auache ujifiche chini ya kabati la televisheni.